Waombaji Mia Mbili na Madume Wawili

Jumatatu, 1 Julai 1996

Kaimu Mkuu wa Chuo! Nimekiandika cheo hicho ubaoni, nikakitazama kutoka nyuma ya darasa, nikakifuta. Neno "Kaimu" halipendezi. Limekaa mbele ya cheo changu kama gogo mlangoni. Bodi itakutana Jumamosi ya tarehe 20 kuamua kama litaondolewa neno au nitaondolewa mimi. Mwenyekiti wa Bodi, Mzee Ladislas, mstaafu wa posta, amenijulisha kwa upole wa kutisha kwamba chuo kina viti thelathini, na kwamba yeye binafsi hapendi kuona kiti kikikaa bure.

Waombaji hadi leo: tisa.

Kwa kumbukumbu za vizazi vijavyo: hiki ni Chuo cha Uhazili na Utunzaji Hesabu, hapa Majengo, katika vyumba vya mbele vya nyumba ninayoishi na Mama. Taipureta nne. Moja haina utepe. Mwalimu wa uchapaji ni Bi Ernestine, mwenye vidole vyepesi na maneno mazito. Mimi ndimi mwenye shahada pekee katika mtaa huu.

Ng'ambo ya barabara kuna Kituo cha Ufundi cha Bwana Melkiadi. Cherehani, randa, vumbi la mbao. Melkiadi hana shahada. Husimama mlangoni akimkaribisha kila apitaye. Leo amemsajili kijana aliyekuja kuuliza njia ya stesheni!

Jioni nimekumbuka kijitabu cha vyuo vya ng'ambo nilichokisoma maktaba nikiwa mwaka wa tatu. Vyuo bora kule havijisifu kwa wale vinaowapokea. Hujisifu kwa wale vinaowakataa! Katika kila waombaji mia, chuo bora huchukua wanane. Ukurasa mzima ulikuwa asilimia tupu. Hapakuwa na neno hata moja juu ya kinachofundishwa, wala sikulihitaji. Niliamini papo hapo.

Mkakati: nipate waombaji wengi kadiri iwezekanavyo, kisha niwakatae.



Ijumaa, 5 Julai

Naandika kutoka Kasansa. Nimesafiri juu ya lori lililokuwa likifuata mpunga Mamba. Nilivaa suti, ili waombaji wakione chuo kabla ya kukisikia. Mbung'o wa porini wameniuma kupitia koti, fulana na heshima yangu yote. Dereva alisema mbung'o hupenda nguo nyeusi. Alisema tulipokwisha kuvuka pori.

Nimeweka meza kando ya josho la ng'ombe, kwa kuwa ndipo penye watu. Uamuzi wa kisomi. Wafugaji wakapanga mstari mrefu ajabu. Niliandika majina mpaka mkono ukafa ganzi. Nilishangaa kidogo kwamba wengi waliuliza ng'ombe watachomwa sindano lini, lakini mtafiti mzuri haharibu mwitikio kwa maelezo mengi.

Mzee Manyanda, mwenye mifugo mingi kuliko wote hapa, alitaja majina matatu: Nyanzala, Machibya na Kabuche. Nikaandika watatu. Baadaye nikabaini kwamba Nyanzala ni binti yake, amemaliza kidato cha nne. Wengine wawili ni madume yake ya kulimia.

Sikuwafuta. Maombi ni maombi.

Huyo Nyanzala nilimfanyia usaili papo hapo. Anasoma vizuri, anahesabu haraka kuliko mimi. Nilipomwuliza kama ana swali, akauliza, waliomaliza chuoni kwetu wanafanya kazi wapi? Nikamweleza kwamba mwombaji huulizwa, haulizi. Nimempunguzia alama za nidhamu.

Swali lenyewe limenisumbua hadi sasa. Wanafanya kazi wapi?

Jumatatu, 8 Julai

Nimerudi. Waombaji mia mbili kamili! Nimejumlisha wa Kasansa, wa Mamba, wa Usevya, wa makazi ya Katumba, wale tisa wa awali, abiria wenzangu wa lori, na madume wawili.

Nilikusudia kuchukua thelathini, sawasawa na viti. Kisha nikapiga hesabu. Thelathini katika mia mbili ni asilimia kumi na tano. Kumi na tano! Hicho ni kiwango cha chuo cha kawaida. Kijitabu kilisema nane. Hivyo nimechukua kumi na sita.

Bi Ernestine alisoma hesabu zangu akiwa amesimama. Akaniuliza kama kweli nimewahesabu ng'ombe. Nikamjibu kwamba nimewakataa kwa haki, kama wengine.

"Sasa kaka Damiano," akasema, "ukimkataa ng'ombe, hii taipureta imepata utepe?"

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba asilimia ndogo ni ushahidi wa ubora. Yeye akasema ni ushahidi kwamba watu wengi wamepiga hodi na wengi wamefungiwa mlango, basi. Kile ambacho wangekikuta ndani, asilimia haikitaji. Hawa hata hodi hawakupiga, akaongeza, walifuata sindano. Akaniuliza kwa nini binti wa Manyanda ameachwa. Nikasema nidhamu. Akafunika mashine yake na kwenda zake bila kuaga.

Nimegundua kwamba wivu wa kitaaluma hauchagui jinsia.

Jumatano, 10 Julai

Majina yamebandikwa ukutani. Wa mbali nimewapelekea habari kwa madereva wa malori. Juu ya mlango nimeandika kwa rangi nyekundu: HUCHUKUA WANANE TU KATIKA MIA. Watu wamesimama barabarani kusoma. Mmoja ameuliza kama ni bei.

Melkiadi alivuka barabara na vumbi la mbao kichwani. Akasoma. Akacheka mpaka akashika ukuta wangu. Akaniambia kwamba yeye angewachukua hao mia moja themanini na wanne wote, na madume angewapa kazi ya kubeba mbao. Sijui nani amemwambia habari za madume. Namshuku Ernestine.

Nikamjibu kwamba chuo kinachokubali kila mtu hakiwezi kuheshimiwa na mtu yeyote. Melkiadi akasema sawa, mwalimu, akarudi kwenye randa yake akiwa bado anacheka.

Leo hakuna hata mmoja wa wale kumi na sita aliyekuja kuthibitisha nafasi. Ni mapema.

Ijumaa, 12 Julai

Ushindi! Au karibu na ushindi.

Asubuhi alifika Mzee Lyamba kutoka Kasansa, msemaji wa ukoo wa Manyanda. Kanzu safi, fimbo, wazee wawili nyuma yake. Hawakukaa hadi nilipowabembeleza. Lyamba akasema kwamba walikuwa wakipita, wakaona moshi wa nyumba hii, wakasema waingie waombe moto.

Nikawaelekeza jikoni kwa Mama.

Wakatazamana. Lyamba akaanza upya, polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Kwamba nyumba yangu inasifiwa. Kwamba wao wana binti, Nyanzala. Kwamba wamesikia nimesema hapana, na wamefurahi sana kusikia hivyo.

Wamefurahi! Kijitabu kilikuwa sahihi! Nikasimama, nikarekebisha tai, nikasema kwamba jibu bado ni hapana. Wakaitikia kwa vichwa, wameridhika kabisa. Wakaaga kwa heshima kubwa na kuahidi kurudi.

Mama yangu, Theopista, aliyasikia yote kutoka uani. Huniita baba kwa kuwa nina jina la baba yake. Akasema, "Baba, hao wamekuja kuposa. Ulikataa mara ya kwanza, vizuri. Mara ya pili unaguna. Mara ya tatu unataja unachotaka."

Nikamweleza kwamba hiki ni chuo, si nyumba ya binti. Akasema watu wanajua njia moja tu ya kuomba kitu cha thamani kwa mtu anayeringa, na mimi nimeringa mpaka juu ya mlango kwa rangi nyekundu.

Mama hajasoma takwimu.

Waliothibitisha: hakuna.

Jumatatu, 15 Julai

Lyamba amerudi. Safari hii na jogoo. Nikamkataa jogoo kwa kanuni za utumishi. Nikamkataa na Nyanzala. Lyamba akatabasamu, akasifu msimamo wangu, akaondoka na jogoo wake. Nyuma yake ulikuja ujumbe wa Mamba, kisha ujumbe wa Usevya. Kila mmoja na msemaji wake. Nimewakataa wote! Barazani hapana pa kukanyaga kwa watu waliokataliwa. Sijawahi kuheshimiwa kiasi hiki.

Ernestine alipita katikati yao akiwa amebeba karatasi. Akaninong'oneza kwamba kwa hao kumi wanaokaa barazani, ndani kuna viti kumi vya kuwakalisha. Nikamwambia kwamba nikiwaongeza kumi, asilimia itafika kumi na tatu.

"Na ukiwaacha?" akauliza.

Nilikuwa natazama barabara, kama kuna yeyote wa wale kumi na sita anayekuja.

Hakuna.

Zimebaki siku tano.

Jumatano, 17 Julai

Hatimaye mmoja! Bi Immaculata wa Katumba, mama yake Anicet, ambaye ni wa kwanza katika orodha ya kumi na sita. Amekuja kwa treni, amevaa kitenge cha kanisani. Nikamkaribisha kwa Kiswahili sanifu. Nikampa kiti changu mwenyewe.

Akataka kuona mashine. Nikamwonyesha. Akagusa ile isiyo na utepe, akatazama kidole chake. Akauliza waliomaliza hapa wameajiriwa wapi. Swali lile lile! Nikamjibu kwamba chuo huchukua wanane tu katika mia. Akasema hilo amelisoma mlangoni. Akauliza tena. Nikarudia, kwa sauti ya juu kidogo.

Kisha akatoa dukuduku lake. Kwao Katumba watu wamekaa wamezungumza. Watu wa Manyanda, wenye mali, wanakuja mara mbili, mara tatu, wanakataliwa. Mwanawe hakutuma mtu, hakubembeleza, hakuja hata kujitambulisha, akakubaliwa siku ya kwanza.

"Mwalimu, usikasirike," akasema. "Mtu akikupa binti kabla hujakaa kitako, si lazima uulize ana nini?"

Nikamhakikishia kwamba Anicet alichaguliwa kwa sifa zake. Akasema sifa za Anicet anazijua yeye aliyemzaa. Anazozitafuta ni za chuo. Akashukuru, akaaga.

Nikamkimbilia mpaka stesheni. Nikamwambia kwamba kama anataka, naweza kumkataa Anicet kwanza kisha nikamkubali. Akanizunguka, akapanda treni kwa mlango wa upande wa pili.

Inasemekana wengine wote kumi na tano wana wasiwasi huo huo. Yaani niliowakubali hawaji kwa sababu nimewakubali, na niliowakataa wanakuja kwa sababu nimewakataa. Kitaaluma jambo hili linavutia sana.

Alhamisi, 18 Julai

Lyamba, mara ya tatu. Mbuzi.

Mama alinivuta koti nyuma ya mlango. Akasema leo ndiyo leo, baba, taja. Sema aje na godoro, sema aje na gunia la mahindi, sema lolote, taja tu. Nilikuwa karibu kutaja. Mungu ni shahidi. Mdomo ulikuwa umefunguka.

Kisha nikamwona Melkiadi ng'ambo ya barabara, ameegemea ubao, anatazama. Nikafikiria vile atakavyocheka maandishi yangu mekundu yakiwa uongo. Nikakohoa. Nikasema kwamba chuo hakibadili msimamo.

Wa Mamba walisimama. Wa Usevya walisimama. Lyamba hakutabasamu leo.

"Mwalimu," akasema, "tumekuja mara tatu. Umekataa mara tatu na hujataja unachotaka. Basi humu ndani hamna binti."

Akamfungua mbuzi kamba pale barazani kwangu. Wote wakavuka barabara kwa pamoja, kwa utaratibu, kama msafara wa harusi. Nyanzala mwenyewe alikuwa miongoni mwao, nilikuwa sijamwona. Alisimama kidogo, akasoma yale maandishi ya mlangoni, kisha akawafuata wenzake.

Nilichungulia dirishani. Melkiadi akawakatalia! Nilisikia kwa masikio yangu. Akasema hapana, nafasi zimejaa, akakunja mikono. Lyamba akafurahi waziwazi. Wakaingia, wakatoka. Melkiadi akasema hapana tena, safari hii akiguna. Wakaingia tena. Kabla ya adhuhuri alikuwa ametaja: kila mmoja aje Jumatatu na godoro, jembe la bustani na daftari. Vigelegele! Mbuzi akachinjwa.

Mama alikwenda kuwasaidia kupika. Mama yangu mzazi.

Jumamosi, 20 Julai

Bodi. Nilikuwa nimeandaa taarifa ya kurasa saba yenye jedwali. Niliisoma nikiwa wima. Waombaji mia mbili. Waliokubaliwa asilimia nane. Nikaeleza kwamba kwa kigezo hicho sisi ni sawa na vyuo vya ng'ambo vya daraja la kwanza, na kwamba hakuna chuo mkoani kilichowahi kukataa watu wengi hivi kwa muda mfupi.

Mzee Ladislas alinisikiliza hadi mwisho. Mkono wake ulikuwa juu ya kiti kitupu cha jirani.

"Viti thelathini," akasema. "Wamekaa wangapi?"

Nikasema kwamba swali linahitaji muktadha.

Akarudia: wangapi?

Nikasema bado.

Wajumbe hawakukemea. Ingekuwa nafuu wangekemea. Waliongea taratibu kama watu walio msibani. Ikaamuliwa kwamba taipureta zote nne na Bi Ernestine wahamie kwa Melkiadi, ambako wanafunzi wapo na hawana mwalimu wa uchapaji. Ernestine akaulizwa maoni. Akasema anaomba utepe. Akakubaliwa pale pale. Akasema pia kwamba kuna binti anaitwa Nyanzala angependa akae mashine ya mbele. Hakunitazama aliposema hivyo. Nilitamani anitazame.

Nilidhani nimesahaulika. Lakini Melkiadi, aliyekuwa ameitwa kutoa maoni, akanigeukia na vumbi lake la mbao na kusema kwamba somo la hesabu halina mtu, na mimi nije tu Jumatatu.

Nije tu! Bila maombi, bila usaili, bila kuuliza shahada yangu ni ya daraja gani!

Nilikaribia kusema ndiyo. Kisha nikamkumbuka Bi Immaculata. Kituo kinachomkubali mtu kabla hajakaa kitako, kina nini? Wiki tatu hizi sikuzipoteza bure. Sasa naijua desturi. Mtu wa thamani hukataa kwanza. Nikasimama, nikarekebisha tai, nikasema hapana.

Melkiadi akasema sawa, mwalimu. Mzee Ladislas akaniomba ufunguo wa ofisi.

Jumatatu, 22 Julai

Niko barazani tangu asubuhi. Suti. Mama ameiziba matundu ya mbung'o. Nasubiri ujumbe wa Melkiadi. Nimepanga vyema: mara ya kwanza nimekwisha kukataa, mara ya pili nitaguna, mara ya tatu nitataja cheo cha Makamu Mkuu na meza yenye mtoto wa meza anayefungwa kwa kufuli.

Saa nne alipita Mzee Lyamba na godoro juu ya baiskeli. Nikakohoa, nikasogeza kiti cha mgeni. Akanisalimu vizuri, akauliza habari za mama, akaendelea na godoro lake.

Saa sita, hakuna. Taipureta zimeanza kusikika kutoka ng'ambo. Kuna moja inayokwenda haraka kuliko nyingine zote. Ya mbele, bila shaka.

Huenda Melkiadi hajui kwamba ni zamu yake. Watu wasiosoma huhitaji kuongozwa. Saa nane nimemtuma Mama avuke amfahamishe, kwa heshima, kwamba bado nakataa.

Mama amerudi machweo ana nyuzi za cherehani kwenye kitenge. Nikauliza Melkiadi amejibu nini. Akasema amejibu sawa. Nikauliza mbona amekawia. Akasema alikaribishwa kukaa, akajaribu mashine, wamemsajili. Ushonaji, kila siku asubuhi. Anaanza kesho.

Wamemkubali siku ya kwanza! Mtu wa umri wake, bila msemaji, bila hata kuku! Nimemwonea huruma kubwa. Nikamuuliza kama hakujiuliza kituo cha namna hiyo kina kasoro gani. Akasema alijiuliza, akawauliza wanaoshona, wakamwonyesha sare za shule walizomaliza wiki hii na duka zinakopelekwa. Akaniambia, baba, vua koti ule.

Nimekula nikiwa na koti. Mjumbe anaweza kufika wakati wowote. Na nimefanya hesabu mpya, nzuri ajabu: tangu Jumamosi nimeombwa mara moja na nimekataa mara mbili. Hakuna chuo cha ng'ambo kilichofikia kiwango hicho.